Kuni za Busi

Zuleha Jaha alikuwa na sifa moja aliyojivunia kuliko mapishi yake: alizijua kuni kwa harufu. Wapishi wenzake walishamjaribu mara nyingi. Walimfunga kitambaa machoni, wakamsogezea ukuni unaofuka moshi, naye akataja bila kusita: huu mgunga, huu mkwaju, huu umelala mvuani, na huu si ukuni, ni ubao wa kreti, nani ameuokota nyuma ya stoo? Lakini kuni alizozipenda ni za Busi, kule Kondoa alikozaliwa. Hizo hakuhitaji hata kuzikaribia. Lori la Fuso lililozileta lilipoingia getini, yeye akiwa ndani anachambua mchele, aliinua kichwa na kusema, "Nyumbani wamefika."

Kazi ya jikoni pale chuoni aliianza mwaka tisini na nane. Chuo kilikuwa kidogo wakati huo, majengo manne na bwalo moja, nje kabisa ya mji wa Dodoma, upepo unavuma kutoka kwenye mashamba ya mtama bila kitu cha kuuzuia. Wanafunzi hawakufika mia tatu. Wapishi walikuwa watano na mafiga yalikuwa matatu, na ugali ulisongwa na watu wawili waliosimama, kila mmoja na mwiko mrefu kama mpini wa jembe. Walisonga kwa wimbo. Penina, Mgogo wa Mvumi, ndiye aliyeanzisha, wengine wakaitikia, na miiko ikazunguka kwa mapigo yale yale. Ukikosea kuitikia, ugali unaingia madonge, na madonge yale watu walijua ni ya nani.

Siku za wali, baada ya chakula cha mchana, wanafunzi walipanga foleni dirishani kuomba ukoko. Zuleha aliukwangua chini ya sufuria kwa upawa, akawagawia mkononi ukiwa bado wa moto, wao wakiurusha huku na huku kama mpira. Ndiyo maana waliomaliza chuo hawamwiti kwa jina lake. Wengine ni wakuu wa shule sasa, wengine waganga wa wilaya, na wakimkuta sokoni Majengo akichagua viungo husimama katikati ya watu na kuita, "Mama Ukoko, shikamoo."

Miaka ikaenda. Chuo kikapandishwa hadhi kikawa chuo kikuu, yakajengwa maghorofa, wanafunzi wakafika elfu mbili na ushee. Mafiga matatu yakawa majiko kumi na mawili ya matofali. Wapishi wakawa kumi na tisa. Moto ulibaki ule ule, na wimbo uliendelea kuimbwa, ingawa Penina sasa hakuweza kumaliza beti mbili bila kukohoa.

Kuni zililetwa na Hanifu, mdogo wake Zuleha. Yeye Zuleha ndiye aliyemtafutia ile tenda, miaka kumi na minne iliyopita, chuo kilipokuwa kinahangaika na mleta kuni asiyeaminika. Aliingia ofisini na aproni yake, akasema kwao kuna mlima umejaa miti na ana ndugu ambaye akiahidi Alhamisi hufika Alhamisi. Hanifu hakumwaibisha hata mara moja. Kila Alhamisi alishuka kwenye Fuso na karanga kwenye mfuko wa rambo, au asali kwenye chupa ya maji, akakaa kwenye kigoda jikoni, akanywa chai na kumpa dada yake habari za Busi: nani ameoa, nani amezikwa, mvua zimeanza au zimegoma. Kwa Zuleha hiyo ndiyo iliyokuwa safari yake ya kwenda kwao. Busi yenyewe alikuwa hajaikanyaga kwa miaka tisa, tangu msiba wa mama yake, na hata siku ile aliwakuta watu wameshatoka makaburini, akarudi Dodoma kesho yake asubuhi kwa sababu wanafunzi walikuwa kwenye mitihani.

Mwezi wa saba, mwaka 2024, wakati ule wa baridi ambapo wapishi huwahi kazini ili wapate kuota moto, aliingia jikoni binti mmoja amebeba mzani. Aliitwa Aneth. Alikuwa afisa mazingira mpya wa chuo, hata miezi miwili alikuwa hajamaliza.

"Shikamooni," aliwaamkia, kisha akamgeukia Zuleha. "Mama, naomba ruhusa nipime kuni kabla hazijaingia motoni."

"Kwa siku ngapi?"

"Saba."

"Na ukishapima?"

"Nitaandika. Uongozi unataka kujua chuo kinatumia nini. Maji, umeme, kuni, chakula kinachotupwa. Nimeanzia huku kwa sababu huku ndiko kunakofuka moshi."

Zuleha alimruhusu, kwa kuwa binti aliomba kwa adabu. Kwa wiki nzima Aneth alifika kabla ya jua, akapima mzigo mmoja mmoja na kuandika kwenye daftari lililojaa masizi. Siku ya tatu macho yalimwiva akawa anatoa machozi mfululizo, lakini siku ya nne alirudi. Siku ya nane alimwonyesha Zuleha hesabu yake: tani moja na robo kwa siku. Kila wiki Fuso zima linageuka majivu.

"Ni chakula kingi," Zuleha alisema.

"Ndiyo, mama. Ni chakula kingi."

Wiki mbili baadaye wapishi wote waliitwa mkutanoni. Wakaambiwa kwamba serikali imeshaagiza taasisi kubwa ziache kuni na mkaa, na kwamba chuo hakitasubiri kusukumwa. Yataletwa masufuria makubwa ya mvuke yanayotumia gesi. Juu ya paa la bwalo yatawekwa mabomba meusi ya kupasha maji kwa jua, ili maji yafike sufuriani yakiwa tayari ya moto na gesi itumike kidogo. Makombo ya chakula yataingia kwenye mtambo wa bayogesi utakaochimbwa nyuma ya stoo. Jiko la kuni litafungwa kabla wanafunzi hawajafungua mwezi wa kumi na moja.

Zuleha alinyoosha mkono akasimama.

"Aneth mwanangu, mimi sina elimu ya kubishana na mzani wako. Lakini nimelisha watoto wa chuo hiki miaka ishirini na sita kwa moto huo. Wameshiba na wamefaulu. Chakula cha mvuke ni chakula cha wagonjwa." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Halafu wale wanaoishi kwa kuni hizi, huko vijijini, kuna mtu amewauliza?"

"Hiyo ya mwisho sina jibu lake, mama," Aneth alisema. "Ripoti yangu inasema kuni zinaishia wapi. Haisemi zinatoka wapi. Wewe ni mwenyeji huko. Ungekubali kunipeleka?"

Zuleha alikubali papo hapo, tena kwa furaha. Alitaka binti akauone ule msitu kwa macho yake, ajue kwamba tani zake za kwenye daftari kwa mlima wa Busi ni sawa na kuchota ndoo ziwani.

Walisafiri Jumanne kwa pikapu ya chuo. Njia nzima Zuleha alikuwa anasimulia. Alimsimulia Aneth mvua za kwanza, jinsi mama yake alivyomwamsha kukiwa bado na umande, wakapanda mlima nyuma ya nyumba pamoja na wanawake wengine, vikapu kichwani, kwenda kutafuta uyoga. Chini ya miyombo kulikuwa na giza la kijani na ubaridi, na kanga zililowa kwa maji ya majani tu, si ya mvua. Watoto walipewa kazi ya kuinama chini ya vichaka ambako wakubwa hawakufika. Njiani walikula matunda ya furu mpaka meno yakawa meusi. Kushuka kwao walisimama kijitoni kuosha uyoga, na mama yake, ambaye nyumbani alikuwa mkali, pale kijitoni alikuwa mtu wa utani, akiwarushia maji mashoga zake kama msichana.

"Mama yangu ninamkumbuka zaidi pale," Zuleha alisema. "Nyumbani simwoni vizuri. Kule mlimani namwona hadi pengo la jino lake."

Aneth alisikiliza bila kuandika chochote.

Hanifu aliwapokea uani kwake. Alikuwa amechinja kuku, na mkewe alikuwa ametandika mkeka safi. Lakini Zuleha, aliyemlea mgongoni, aliona kwamba mdogo wake hakai akatulia. Mara amesimama kufukuza mbuzi ambaye hakuwa akisumbua, mara ameulizia tena habari za Dodoma alizokwisha kujibiwa. Walipomaliza kunawa, Zuleha alisema, "Haya, tupeleke mlimani."

"Jua kali, dada. Tukae tuzungumze kwanza."

"Tutazungumza tukitembea."

Akazunguka nyumba mwenyewe, kwa njia ile ile ya zamani, akapita zizi, akapita choo, na hapo akasimama.

Mlima ulikuwepo, lakini ulikuwa mdogo. Hilo ndilo lililomshangaza kwanza, kabla ya mengine. Ule alioukumbuka kama ukuta wa kijani unaoziba nusu ya mbingu ulikuwa umekaa pale peke yake, mwekundu, na kutoka uani mtu aliweza kuona mawe yake na njia za mbuzi moja moja hadi kileleni. Makorongo yalikuwa yameuchana kutoka juu hadi chini, mengine mapana kiasi cha kumeza gari. Visiki vilikuwa vimetapakaa kila mahali, vifupi, vimezungukwa na vichipukizi vilivyotafunwa. Pale kijito kilipokuwa kinapita kulikuwa na mchanga. Wanawake wawili walikuwa wamechimba shimo kwenye mchanga huo, mmoja ameingia hadi mabegani, anachota maji kwa bakuli na kummiminia mwenzake kwenye ndoo.

Zuleha aliketi kwenye jiwe. Hanifu alibaki amesimama hatua chache nyuma yake.

"Tangu lini?" aliuliza bila kugeuka.

"Upande huu uliisha mwaka wa saba wa tenda. Ule wa nyuma tuliumaliza mwaka elfu mbili na ishirini."

"Usinidanganye. Alhamisi iliyopita umeniletea kuni."

"Hizo si za Busi, dada. Huu mwaka wa nne nazinunua mbali, huko Kiteto, kwa watu nisiowajua hata majina. Busi hakuna kuni za kujaza Fuso. Mama watoto mwenyewe hapa anapikia mabua."

"Ni za Busi," Zuleha alisema. "Harufu yake naijua."

Hanifu aliteremsha sauti.

"Nilikuwa nakusikia ukisema hivyo kila Alhamisi. Nilikuona unavyofurahi. Nikasema, kwa nini nikuharibie?"

Zuleha alijifunika uso kwa ncha ya mtandio. Alilia, lakini si kwa sauti, na Aneth aliyekuwa amesimama karibu alisogea mbali kidogo akajifanya anatazama ardhi. Kilichomuuma hakikuwa mlima peke yake. Miaka minne alikuwa akivuta moshi wa msitu wa watu wengine, asubuhi baada ya asubuhi, na kila siku alikuwa amemwona mama yake ndani ya moshi huo. Hajui sasa alichokuwa anakinusa. Na hajui, huko Kiteto, ni mtoto wa nani aliyerudi akakuta hakuna kitu.

"Kwa nini hukuacha?" alimuuliza Hanifu baadaye.

"Dada, kila muhula ulinipigia simu. Wanafunzi wameongezeka, Hanifu, leta zaidi. Nikaleta zaidi. Mlima huu umesomesha wanangu watatu. Ningeacha, ningewaambia nini?"

Simu zile kweli alizipiga yeye Zuleha. Alikumbuka hata alivyokuwa akizipiga, akiwa amesimama mlangoni mwa jiko, anacheka.

Aneth alikuwa amechuchumaa kando ya kisiki, anakikwangua ganda kwa ufunguo. Chini ya ganda kulikuwa na rangi ya kijani.

"Hivi havijafa," alisema.

"Tunajua havijafa," Hanifu alimjibu, na safari hii kulikuwa na ukali kwenye sauti. "Kila mvua vinachipua. Mbuzi wanakula. Vinavyobaki tunavikata vikiwa unene wa kidole kwa sababu watu wanakula ugali kila siku. Sisi si wajinga, dada yangu."

"Sikusema hivyo, kaka. Nisamehe."

Walianza safari ya kurudi Dodoma. Walipita Chemba, jua likaanza kulala, ndipo Zuleha alipouliza, "Hayo masufuria yanafika lini?"

"Mwisho wa mwezi wa tisa, mama."

"Nifundishe mimi kwanza. Kama ni chakula cha wagonjwa, nikijue mwenyewe kwa mkono wangu."

Kabla ya barua ya chuo kumfikia Hanifu, Zuleha alimpigia simu ili alisikie jambo kutoka kwake. Alimweleza kwamba tenda inakwisha mwezi wa kumi na kwamba yeye mwenyewe hataipigania. Hanifu alisema, "Sawa, dada," akakata. Alhamisi zilizobaki alimtuma dereva. Karanga hazikuja tena.

Masufuria yalifika yakiwa yamefungwa kwenye mbao, yanang'aa kama kioo. Kila moja lilikuwa na gurudumu pembeni la kuliinamishia na koki ya kufungulia mvuke. Fundi aliyeyaleta alifundisha kwa siku mbili akaondoka. Wali wa kwanza wa Zuleha ulitoka bokoboko. Ugali wa kwanza uliiva pembeni, katikati ukabaki uji, na Penina, aliyeonjeshwa, alicheka mpaka akashika ukuta. Mwiko wa zamani ulikuwa unagonga chini na kuteleza, ikabidi Zuleha aende Majengo kwa fundi seremala akachongewe mwingine wenye ubapa mpana. Jambo gumu zaidi lilikuwa kuacha kutafuta moto kwa macho. Miaka yote alipika kwa kutazama ndimi za moto; sasa alitakiwa kusikiliza. Mvuke ukipiga mluzi mwembamba bado, ukinguruma umekaribia, ukinyamaza ghafla umechelewa. Alifunga macho akasimama karibu na sufuria kama mtu anayesali, na siku ya kumi na moja ugali ulitoka laini, mweupe, hauna donge hata moja.

Ukoko haukupatikana. Mvuke hauunguzi chini. Alijaribu kila alichokijua, akapunguza maji, akaongeza mafuta, akafungua koki hadi mwisho, na wali ukatoka ule ule, mzuri na usio na kitu cha kukwangua. Hilo halikurekebishika, na nitasema ukweli, mpaka leo akiulizwa habari hiyo hubadilisha mada haraka.

Moto wa mwisho uliwashwa Jumamosi ya mwezi wa kumi, kukiwa na wanafunzi wachache waliobaki kwa mafunzo ya vitendo, lakini habari zilikuwa zimesambaa na wakaja na wengine waliomaliza zamani, wamevaa mashati ya kazini. Walipika wali na maharage. Wapishi walitaka kusonga na ugali kidogo, ingawa haukuhitajika, kwa ajili ya wimbo tu. Penina alianzisha. Kwenye ubeti wa pili kikohozi kikamkaba, akatoka nje, na wenzake wakamalizia bila yeye. Foleni ya ukoko ilizunguka bwalo. Bwana mmoja aliyeanza kuota mvi, ambaye Zuleha alimkumbuka akiwa kijana mwembamba asiye na viatu vya maana, alipokea kipande chake kwa mikono miwili, akala pale pale dirishani, halafu akabaki amesimama hajui aende wapi.

Walipomaliza, hawakumwaga maji kuuzima moto. Waliuacha uishe wenyewe. Zuleha na Penina walikaa kwenye vigoda vyao, wanatazama.

"Mama Abdul," Penina alisema, maana mtoto wa kwanza wa Zuleha ni Abdulwahab, "tumezeekea hapa."

"Tumezeekea hapa, Mama Brighton."

Muhula ulipofunguliwa wanafunzi walilalamika. Waliandika kwenye magrupu yao kwamba ugali umekosa ladha, kwamba chuo kimewaletea chakula cha bomba. Ilichukua wiki sita hivi, kisha wakasahau, na wale wa mwaka wa kwanza hawakuwa na cha kulinganisha. Kuta za jiko jipya zilipakwa nyeupe na zikabaki nyeupe. Maji kutoka juu ya paa yalishuka ya moto kiasi cha kuchomea, maana kwa jua Dodoma haina njaa, na Zuleha alikiri mbele ya Aneth kwamba hilo peke yake lilimpunguzia saa nzima ya kazi. Ilipofika Krismasi Penina aliimba beti tatu mfululizo, akashtuka mwenyewe.

"Nilidhani ni uzee," alisema.

Lakini jioni moja nyumbani kwa Zuleha, mtaa wa Makole, mjukuu wake wa miaka minne alijitupa mapajani kwake kama kawaida, akazika uso kwenye kanga, kisha akauinua na kumtazama.

"Bibi hanuki bibi," mtoto alisema.

Zuleha alicheka na wengine waliokuwa sebuleni. Baadaye, peke yake, alifungua sanduku la nguo akatafuta kanga ya zamani iliyokuwa bado haijafuliwa, akainusa, na hakujua tena kama alichokuwa akikitamani ni Busi, au Kiteto, au ni yeye mwenyewe alipokuwa kijana.

Jambo moja hakuliacha. Mara kwa mara alimfuata Aneth ofisini. "Bwalo linanunua karanga na mbaazi kwa wafanyabiashara wa mjini," alimwambia. "Wale watu wa mlimani wanalima vitu hivyo hivyo. Tulikula miti yao. Tule na karanga zao." Aneth aliandika, akaandika tena, akajibiwa kwamba manunuzi yana taratibu zake, akaandika mara ya tatu. Mwezi wa pili chuo kilikubali kununua kutoka kwa kikundi cha Busi, sehemu ndogo tu, kwa majaribio.

Hanifu alikuja mwezi wa tano na magunia ya kwanza. Hakupitia jikoni. Alipomaliza kukabidhi mzigo alichukua bajaji mpaka Makole, akabisha hodi. Ilikuwa zaidi ya miezi minane hawajaonana. Zuleha alimkaribisha chakula, naye akala, na aliponawa ndipo aliposema, "Dada, nilikukasirikia."

"Najua."

"Si kwa tenda. Vitu vina mwisho. Ni ulivyoniuliza kule mlimani kwa nini sikuacha. Mbele ya mgeni."

"Nilikosea," Zuleha alisema. "Swali lile lilikuwa langu. Nilitafuta mtu wa kumpa. Nisamehe, mdogo wangu."

Hanifu aliitikia kwa kichwa. Kisha akaeleza habari, kama zamani. Kaya kumi na moja zimekubaliana kuuacha upande mmoja wa mlima, mbuzi wasiingie, na kwenye kila kisiki wanabakiza vichipukizi viwili au vitatu vyenye nguvu na kupunguza vingine. Vimefika magotini. Wiki iliyopita mbuzi wa jirani wameingia wakala robo nzima, na kwenye baraza ilikuwa nusura watu washikane mashati. Karanga hazilipi kama kuni zilivyolipa. Munira, binti yake wa mwisho, alikuwa shule ya bweni ya binafsi. Amemrudisha nyumbani na sasa anatembea saa mbili kwenda shule ya kata.

Zuleha hakumwambia kwamba mambo yatakuwa mazuri. Alisema, "Mlete kwangu. Hapa sekondari iko mtaa wa pili."

"Dada, na wewe una wajukuu."

"Chumba kipo. Mlete likizo ya mwezi wa sita."

Munira alifika na begi moja na ndoo ya plastiki. Alikuwa na miaka kumi na nne, mpole, na wiki ya kwanza hakula vizuri. Zuleha alimwona mara kadhaa amesimama uani anatazama juu ya ukuta, mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kutazama ila mapaa ya majirani. Ijumaa moja mchana, siku yake ya mapumziko, alimwita wakae wote kwenye mkeka wachambue mboga.

"Unapakumbuka nyumbani?"

"Ndiyo, shangazi."

"Unakumbuka nini hasa?"

Munira aliona haya kwanza. Halafu akasema anakumbuka makorongo. Akaeleza jinsi yeye na wenzake wanavyopasua dumu kuukuu katikati, wakalikalia, wakateleza kutoka juu ya mlima hadi mchangani, vumbi jekundu likiwajaa hadi kwenye kope, na kwamba kuna korongo moja la mashindano lenye kona mbili, na aliyewahi kulimaliza bila kuanguka ni yeye peke yake. Aliposimulia mikono yake ilisahau mboga. Alionyesha kona ya kwanza, akainama, akaonyesha ya pili.

Zuleha alifungua mdomo ili amwambie kwamba pale mahali palikuwa na miyombo, kwamba palikuwa na kivuli, kwamba lile korongo la mashindano huenda ni njia ile ile ya wanawake wenye vikapu. Akaacha. Alivuta sinia la mboga karibu yake ili mtoto abaki na mikono mitupu.

"Hiyo kona ya pili," alisema, "uliwezaje kuipita?"